Joginder Singh, 'Simba wa Kenya' aliyejua injini yake inaishia wapi

Mvua za Machi na Aprili zikishakolea Maswa, udongo mweusi wa mbugani unakuwa kitu kingine kabisa. Anayetoka Nyalikungu kwenda vijijini na gari dogo la abiria haitaji kuelezwa. Tairi linaanza kuteleza, dereva anakanyaga mafuta, gari halisogei hata hatua moja lakini injini inalia kama inachinjwa. Abiria wanashuka kusukuma, dereva anazidi kupiga resi. Mara mlio unabadilika, inasikika kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo, halafu kimya. Kesho yake fundi akifungua kichwa cha injini anaweza kukuta valvu zimepinda, na mwenye gari anaambiwa bei ambayo hakuipangia.

Ni tope la namna hiyo hiyo, na mvua za miezi hiyo hiyo, lililompa umaarufu Joginder Singh, dereva ambaye kwa Afrika Mashariki ya miaka ya 1960 na 1970 jina lake lilikuwa kubwa kama la straika yeyote wa Simba au Yanga leo. Mashindano ya magari ya Safari yalikuwa yakifanyika sikukuu za Pasaka, mvua zikiwa zimeanza, na yalipita kwenye barabara zile zile zinazotumiwa na mabasi, ng'ombe na malori. Joginder aliyashinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Alikuwa wa kwanza kufikisha idadi hiyo.

Mashabiki wa Yanga watavumilia: jina lake la utani lilikuwa Simba wa Kenya. Wazungu nao walimwita Kalasinga Anayepaa, kwa sababu alikuwa wa dini ya Singasinga na alizoeleka akiwa na kilemba chake. Ila hilo la kupaa halikumkaa vizuri. Walikuwepo madereva wengi waliokuwa wakipaa kuliko yeye, na wengi wao walimalizia mashindano mtaroni au juu ya lori la kuvutia. Joginder alishiriki Safari mara 22, kuanzia 1959 hadi 1980, akafika mwisho mara 19. Hiyo ndiyo takwimu ya kuitazama. Mwaka 1963, kati ya magari zaidi ya 80 yaliyoanza, yalimaliza saba tu. Mwaka 1968 hadithi ikajirudia, saba tena. Mtu kumaliza mara 19 katika mashindano ya aina hiyo ni sawa na beki kucheza misimu 20 bila kadi nyekundu.

Mtoto wa gereji

Joginder Singh Bhachu alizaliwa Kericho, kwenye nchi ya chai ya Kenya, Februari 9, 1932. Baba yake alikuwa na gereji. Huko kwetu watu wa jamii yake wameitwa Kalasinga tangu enzi za reli, na kwa miaka mingi neno hilo na neno fundi yalikwenda pamoja, maana wengi waliokuja kutoka Punjabi walikuja kama mafundi chuma, maseremala na mafundi wa mitambo. Joginder alikua akishika spana. Kabla hajajulikana kama dereva alikuwa mtu wa kulala chini ya gari, mikono imejaa oili.

Baadaye akapata kazi katika chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki enzi za ukoloni, akiwa askari wa kwanza wa doria barabarani. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka na kuwasaidia waliokwama. Ukiifikiria vizuri hakuna shule bora kuliko hiyo kwa dereva wa Safari. Kila siku unakutana na injini iliyokufa, na kila siku unatakiwa kujua imekufa kwa nini.

Safari yenyewe ilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Ulikuwa mchezo wa walowezi. Mtoto wa fundi wa Kihindi alipojitokeza kwenye mstari wa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, hakuwa na kiwanda nyuma yake wala ukoo wa mashamba makubwa. Alikuwa na gereji, ndugu zake, na alichokijua kuhusu injini. Hakuonwa kama mtu wa kuchukua kombe.

Geti la uwanja

Ili kuelewa alichokuwa anakijua, inabidi kuingia kidogo ndani ya injini. Shabiki wa mpira hatapata tabu.

Chukulia silinda ni uwanja. Valvu ni mageti: moja la kuingizia watu, yaani hewa na petroli, na jingine la kutolea watu wakishamaliza, yaani moshi. Mageti hufunguliwa na kamshafti, chuma chenye vinundu ambacho kikizunguka kinundu husukuma valvu ifunguke. Kurudi kufunga ni kazi ya springi. Springi ndiye mlinzi wa geti: umati ukishapita, lazima arudishe geti kabla mchezo haujaendelea.

Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 3,000 kwa dakika. Hizo ni mara 50 kwa sekunde moja. Ukiipeleka mizunguko 8,000, zinakuwa mara 67 hivi. Mtu anaweza kudhani mlinzi ameongezewa kazi kwa theluthi moja tu. Sivyo. Nguvu inayotakiwa kuirudisha valvu inapanda kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo kutoka 6,000 kwenda 8,000 springi inadaiwa karibu asilimia 78 zaidi. Mlinzi anazidiwa. Valvu inaelea: kinundu kimeshapita, geti bado liko wazi. Nguvu inapotea, mlio unachafuka, na kwenye injini nyingi pistoni inapanda na kukutana na valvu ambayo ilipaswa kuwa imeshaondoka. Hapo ndipo ile misumari kwenye kopo inaposikika.

Mafundi wa magari ya mashindano wanajua la kufanya. Wanaweka springi ngumu zaidi, au mbili mbili, moja ndani ya nyingine. Wanapunguza uzito wa kila kinachokwenda juu na chini: valvu, vikombe vinavyoshika springi, roka. Wenye fedha wanatumia titani, ambayo ni nyepesi kuliko chuma cha pua na ina nguvu. Wanabadilisha kamshafti, wanaweka yenye vinundu vipana zaidi ili geti likae wazi muda mrefu na hewa nyingi iingie.

Lakini kila kimoja kina deni lake. Springi ngumu inakwangua kamshafti na kuchosha roka, na injini yenyewe inatumia nguvu kuishindilia. Kamshafti kali inatoa nguvu juu kabisa, kwenye mizunguko mikubwa, ila chini injini inakuwa goigoi, inakohoa, haivuti. Na kwenye tope ni wapi unahitaji nguvu? Chini. Dereva aliyejiwekea injini ya kulia kwa mizunguko 8,000 akifika kwenye mbuga anajikuta ana mambo mawili tu ya kuchagua: azime, au apige resi mpaka tairi lizunguke bure. Tairi likizunguka bure mzigo unaondoka kwenye injini ghafla, sindano inaruka hadi kwenye alama nyekundu na kuipita, na springi zinazidiwa. Ndiyo maana tope linaua valvu, hata kama valvu haijagusana na tope.

Kuna pia suala la ustahimilivu. Mbio za uwanjani ni saa moja au mbili. Safari ilikuwa ya siku kadhaa, kilomita zikihesabiwa kwa maelfu. Injini ikienda kwa wastani wa mizunguko 4,000 kwa saa 60, kila valvu itakuwa imepiga zaidi ya mara milioni saba. Springi ni chuma, nacho kinachoka. Springi iliyosukumwa mpaka ukingoni mwa uwezo wake inaweza kukatika bila taarifa, usiku, kilomita mia kutoka kwa fundi wa karibu.

Volvo ya mtumba

Mwaka 1965 Joginder na mdogo wake Jaswant waliingia na Volvo PV544. Haikuwa mpya. Ilikuwa imeshatumiwa mashindanoni na kiwanda cha Volvo chenyewe, kisha ndugu hawa wakaichukua na kuiandaa wenyewe. Umbo lake lilikuwa la kizamani hata kwa wakati ule, mgongo wa duara kama kobe.

Chini ya boneti kulikuwa na injini inayoitwa B18, ya ujazo wa lita 1.8. Kamshafti yake haikuwa juu ya valvu. Ilikaa chini, pembeni mwa silinda. Kinundu kilisukuma fimbo ndefu ambayo mafundi huiita pushirodi, fimbo ikainua roka, roka ndipo ikaibonyeza valvu. Ni kama kocha anayetuma maelekezo kwa kapteni, kapteni amwambie kiungo, kiungo amwambie beki. Ujumbe unafika, lakini ukitaka kasi kubwa sana unachelewa na unapotea njiani. Zile fimbo zina uzito, na uzito ndio adui wa mizunguko mikubwa. Injini ya pushirodi haipendi kukimbizwa.

Faida yake? Ni rahisi. Ukijua kuseti tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya roka na valvu, unaweza kuirekebisha pembeni mwa barabara kwa spana, bisibisi na kipande chembamba cha chuma cha kupimia. B18 pia ilikuwa na beringi tano za kubebea krankshafti, wakati injini nyingi za silinda nne za wakati ule zilikuwa na tatu. Chini ilikuwa ngumu kama jiwe, juu haikuwa na makuu. Kwa fundi anayefahamu mipaka yake, ilitosha.

Ubavuni gari lile lilikuwa na namba 1, maana yake lilitangulia kuondoka na kukuta barabara kama ilivyo, bila alama ya tairi la mwenzake ya kufuata. Ndugu hao wawili walishinda kwa mbali. Ilikuwa mara ya kwanza kwa madereva wenye asili ya Asia kuchukua Safari, na Kenya ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru. Timu za viwanda zilizokuja na magari mapya, matairi ya akiba na mafundi wa Ulaya zilishindwa na mtumba ulioandaliwa na familia.

Mashabiki wa kanda hii wenye kumbukumbu ya Oktoba 2019, pale Mwadui ilipoifunga Simba 1-0 kwenye Ligi Kuu, wanaijua ladha yake. Tofauti ni kwamba Joginder aliirudia.

Miaka ya kusubiri

Haikuwa haraka. Miaka tisa ilipita kati ya ushindi wa kwanza na wa pili. Miaka miwili iliyofuata, 1966 na 1967, kombe lilikwenda kwa Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi Tanzania, akiendesha Peugeot 404. Joginder alishika nafasi ya pili 1969 akiwa na Volvo nyingine, na ya pili tena 1970 akiwa na Datsun. Mtu mwingine angeanza kuitwa mzee wa nafasi ya pili.

Wakati huo huo injini zilikuwa zinabadilika. Ford walikuja na Escort RS1600 yenye injini ya BDA iliyobuniwa na Cosworth wa Uingereza: kamshafti mbili, zote juu ya kichwa cha injini, valvu nne kwa kila silinda badala ya mbili. Ile habari ya geti inasaidia hapa. Badala ya mageti mawili makubwa na mazito, unaweka manne madogo na mepesi. Watu wengi wanapita, na kila mlinzi ana geti jepesi la kurudisha. Injini inaweza kupanda mizunguko mikubwa bila valvu kuelea. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland alishinda na gari hilo, akiwa wa kwanza kutoka ng'ambo kuchukua Safari. Mpaka wakati huo wenyeji walikuwa wanaamini kwamba mgeni hawezi kuijua barabara ya Afrika kwa kiasi cha kushinda.

Ilionekana kama mchezo umehama. Enzi za mafundi wa gereji zimekwisha, sasa ni maabara za Ulaya. Ushahidi wa barabarani lakini haukukubaliana na hilo. Mwaka 1975 Lancia walileta Stratos, gari lililotengenezwa mahsusi kwa rali, likiwa na injini ya Ferrari ya V6 yenye kamshafti nne. Zilimaliza ya pili na ya tatu. Aliyeshinda ni Ove Andersson wa Sweden akiwa na Peugeot 504, injini ya pushirodi, ndugu wa yale magari yaliyobeba abiria na magunia kona zote za Afrika. Stratos, pamoja na ubingwa wake wote duniani, haikuwahi kushinda Safari.

Lancer dhidi ya Porsche

Mwaka 1974 Joginder alikuwa na miaka 42. Kwa mwanasoka huo ni umri wa kuwa kwenye benchi la ufundi. Mashindano yalikuwa tayari sehemu ya ubingwa wa rali wa dunia, ulioanza mwaka uliotangulia. Mitsubishi ya Japani, ambayo ilikuwa haijawahi kushinda raundi yoyote ya ubingwa huo, ilimpa gari dogo, Lancer 1600 GSR. Msoma ramani wake alikuwa David Doig.

Upande wa pili alikuwepo Björn Waldegård wa Sweden na Porsche 911 Carrera RS. Ile ya kawaida ya barabarani ilikuwa na lita 2.7, silinda sita na nguvu ya farasi 210. Lancer ya kawaida ilikuwa na lita 1.6, silinda nne na farasi 110. Bila shaka magari ya rali yaliongezewa nguvu, yote mawili, lakini pengo la kuzaliwa ni pengo.

Injini ya Lancer, 4G32, ilisimama katikati ya dunia mbili. Haikuwa ya pushirodi kama Volvo. Kamshafti yake ilikaa juu, kwenye kichwa, kwa hiyo zile fimbo ndefu na uzito wake vilikuwa vimeondoka. Kocha amesogea mpaka mstarini, anaongea na beki moja kwa moja kupitia roka. Hiyo pekee iliiruhusu ipande mizunguko mingi kuliko injini za pushirodi. Ila ilikuwa na kamshafti moja tu, na valvu mbili kwa kila silinda. Nane kwa jumla. Fundi mwenye akili alikuwa na cha kuongeza, na pia alikuwa na pa kuishia. Springi bora, kamshafti yenye makali kidogo, kabureta kubwa zaidi, na injini bado inavuta kutoka chini.

Mwaka ule mvua ilinyesha hasa. Barabara ziligeuka mito, na magari yakakwama makundi kwa makundi. Katika hali hiyo farasi 50 za ziada hazina kazi, maana huwezi kuzishusha chini. Tairi linageuza nguvu yote kuwa tope la kurushwa nyuma. Kinachotakiwa ni injini inayotii mguu mwepesi, inayovuta polepole bila kuzima, na mtu anayesikia kwa masikio yake kwamba sindano inakaribia kuvuka. Magari ya wakati ule hayakuwa na kompyuta ya kukata mafuta kabla injini haijajiua. Sikio la dereva na mguu wake ndivyo vilivyokuwa kizuizi.

Hapa ndipo malezi ya Kericho yalipolipa. Dereva asiyejua kilichomo ndani ya kichwa cha injini anaiona alama nyekundu kama ushauri. Mtu aliyewahi kuzibeba valvu zilizopinda kwenye kiganja, aliyewahi kumweleza mteja kwa nini gari lake limekufa, hawezi kuiona hivyo. Hatari zaidi ni kupungua gia. Ukitoka gia ya nne ukaingia ya pili kwa bahati mbaya ukiwa kwenye kasi, magurudumu yanaizungusha injini kwa lazima, hata ukiwa umeinua mguu, na hakuna springi ya kuiokoa. Kosa la nusu sekunde baada ya kukesha usiku wa pili linaweza kufuta kilomita zote za nyuma.

Joginder alifika wa kwanza. Waldegård na Porsche yake wakafuata wa pili. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika ubingwa wa dunia, na ulipatikana Afrika, mikononi mwa mtoto wa fundi wa Kericho.

Kuna watakaosema mvua ndiyo iliyoichapa Porsche, na kwamba barabara ingekuwa kavu mambo yangekuwa mengine. Inawezekana. Lakini mwaka 1976 alirudi na gari aina ile ile, na Doig pembeni yake, akashinda tena. Safari hii nyuma yake walikuwa Robin Ulyate na Andrew Cowan, wote kwenye Lancer. Ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hoja ya bahati ikafia hapo. Wakati huo Escort za valvu 16 zilikuwepo duniani, Stratos zilikuwepo, Porsche zilikuwepo, na gari dogo la valvu nane liliyajaza majukwaa yote matatu.

Haina maana kwamba mafundi wa Ulaya walikosea. Mwaka uliofuata, 1977, Waldegård mwenyewe alishinda Safari akiwa na Escort na injini ya BDA, valvu 16, kamshafti mbili. Teknolojia ile ilikuwa sahihi, ilihitaji tu kuvumilishwa kwa ajili ya Afrika, na ilipovumilishwa ikalipa. Leo hata kigari kidogo kinachopaki stendi ya Maswa kikisubiri abiria wa Bariadi kinaweza kuwa na valvu 16 na kamshafti mbili juu, na mwenyewe hana habari. Lakini miaka ile ya kati, kabla mambo hayajakomaa, mtu aliyejua ni wapi pa kuacha kuongeza alikuwa na faida kuliko aliyejua kuongeza tu.

Rekodi yake ya ushindi mara tatu ilikuja kuvukwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, aliyefikisha mitano 1982. Mehta alikuwa dereva mkali na hakuna wa kumnyang'anya heshima yake, ingawa wazee waliokuwa wakisimama kandokando ya barabara kuyaona magari yakipita bado hubishana nani alikuwa zaidi, kama wanavyobishana kuhusu Sunday Manara na waliokuja baadaye. Mehta alikuwa na magari ya kiwanda cha Nissan karibu wakati wote wa ushindi wake. Joginder alishinda la kwanza kwa gari alilolifunga mwenyewe.

Alishiriki Safari ya mwisho 1980, akiwa na miaka 48. Miaka ya uzeeni aliishi mbali na Kenya, na alifariki London Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Nairobi ilimwomboleza kama mtu wake. Vijana wengi waliosikia habari ile hawakuwahi kumwona akiendesha, na baadhi walishangaa kusikia kwamba kulikuwa na Simba mwingine aliyewahi kutamba Afrika Mashariki nzima bila kugusa mpira.

Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, sasa ikiwa fupi na ikizunguka zaidi maeneo ya Naivasha. Magari ya siku hizi yana kompyuta, yana tabo, yana valvu 16, na injini zake hukata mafuta zenyewe dereva akizidisha. Ujazo wa injini unaoruhusiwa kwa daraja la juu ni lita 1.6, sawasawa na ile Lancer.